Wekundu Waliofundishwa Woga

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, tukimwacha Mama na magoti yake. Fimbo niliyomletea anaitumia kufukuzia jogoo wa jirani. Kutembelea hataki, anasema fimbo ni ya wazee. Binti yako mzima. Meno mawili ya mbele yametoka kwa mpigo, na sasa akiniita "shangazi" unatoka upepo mtupu. Anauliza kama huko msituni kuna watoto. Nimemwambia yuko baba yake, na huyo anatosha.

Sasa habari yenyewe. Wekundu wanakuja kwako. Malori mawili yataondoka hapa kituoni wiki ijayo, swala saba, kila mmoja ndani ya sanduku lake la mbao. Daktari ametukataza kuwapa majina, anataka namba, lakini nikikuandikia Namba Tatu utamjuaje? Yule jike mkubwa, ambaye mistari yake myeupe imeungana juu ya bega, ni Mama Mkwe. Dume ni Mwenyekiti, kwa kuwa anapenda kusimama mbele na kazi hafanyi. Kijana mwenye pembe iliyovunjika ni Pembe Moja. Wale wanne waliobaki utawabatiza mwenyewe.

Unajua kwamba msitu huo haujaona mnyama wa aina hii tangu baba yetu akiwa kijana. Mitego iliwamaliza wote. Hawa wamezaliwa ndani ya uzio wetu, na wengine niliwanyonyesha mimi mwenyewe kwa chupa. Hawa wakishindwa, hatuna wengine wa kuwaleta.

Nikuambie kazi niliyoifanya miezi hii, na usinicheke. Daktari alisema mnyama anayempenda mtu hadumu msituni. Basi nikapewa kazi ya kuwafundisha kutuogopa. Kila asubuhi navaa ovaroli, naingia zizini na debe, nalipiga kwa rungu mpaka masikio yanauma. Wakinisogelea, nawamwagia maji usoni kwa mpira wa bustani. Wasiposikia, nawatupia mabonge ya udongo ubavuni. Mwanzoni Mama Mkwe alidhani ni mchezo. Alinijia debe likilia hivyo hivyo, akanilamba mkono. Nikampiga. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyojiambia, kisha nikaenda stoo nikalia mimi. Sasa wakiniona tu wanajibanza kwenye ukuta wa mbali wakitetemeka. Nimefaulu, Kitinda, na kufaulu kwenyewe kunaniuma.

Nakuomba jambo moja. Huko usiwe mwema kwao, hata kidogo.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Barua yako imekuja na lori la mahitaji ikinuka vitunguu, kama kila kitu kinachotufikia hapa. Simu yangu bado ni pambo, mtandao haujavuka milima. Mwambie Mama kwamba fimbo si ya wazee, ni ya warembo wenye magoti mabovu. Huyo jogoo namwonea huruma. Na binti yangu mwambie huku kuna nyani wengi wanaofanana na baba yake, asiwe na wasiwasi.

Wageni wako wamefika salama. Tuliwaweka ndani ya boma la miti ili wazoee hewa, tukawa tunawarushia majani kwa juu bila kujionyesha, kama ulivyoagiza. Jana Sajini, mkuu wetu wa kambi, akakata kamba ya lango. Tulijipanga walinzi watano, sare zimenyooshwa, buti zinang'aa, utadhani tunampokea waziri. Mama Mkwe akatoa kichwa nje. Akatuona. Dada, sijapata kuona mnyama mkubwa vile akiyeyuka. Walitoka wote saba kwa pamoja, matawi yakavunjika, kisha kimya. Hatukumwona hata mmoja tena.

Sajini alifurahi kama aliyepata mjukuu. Aliandika ripoti hapo hapo amesimama. "Kama mimi ninayewalinda wananikimbia hivi," akasema, "jangili atawapatia wapi?" Basi ile kazi yako ya debe imezaa matunda, na machozi yako ya stoo hayakwenda bure.

Kazi yangu sasa ni kutembea na antena na kusikiliza kola za shingoni mwao. Kila kola ina mlio wake. Nikisikia mlio unahamahama najua mwenyewe anakula, ukitulia najua amelala. Siwaoni, nawasikia tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Upweke upo, lakini si sana. Mwisho wa barabara kuna vibanda vichache, na kimoja ni cha Fundi Redio, aliyehamia mwaka jana. Ananifunga drafti kila jioni, na kila akila kete yangu ananiomba radhi. Ni mtu wa watu. Wengine hawaishi kunidodosa habari za msitu, yeye hajaniuliza hata siku moja, ndiyo maana nampenda.

Kitinda


20 Aprili

Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama yangu,

Tumepokea salamu zako, na Mama amekasirika kuitwa mrembo mwenye magoti mabovu, ila ameiomba barua aisomewe tena mara mbili. Jogoo yule ameshinda vita. Siku hizi anaingia mpaka jikoni. Binti yako amefanya vizuri darasani, na jino moja limeanza kuchungulia. Mama yake alipita hapa, hakukaa. Hilo tutaliongea ukija likizo, si la kuandika.

Daktari alisoma ripoti ya Sajini mbele ya wafanyakazi wote, kisha akanisimamisha wanipigie makofi. Nilitaka ardhi inimeze. Furaha ninayo, sitakuficha. Lakini mazizi matupu yananitisha. Nayafagia kila asubuhi kama kwamba kuna mtu atarudi.

Jumapili wageni bado wanakuja getini na karoti zao. Wanauliza, wale wekundu wako wapi? Wengine waliwajua Wekundu kwa sura, walikuwa wanawalisha kwa mkono kupitia waya wiki hadi wiki, na Mwenyekiti alifikia kuijua siku ya Jumapili. Ikifika saa ya wageni yeye keshasimama kwenye waya anangoja. Bibi mmoja amenilaumu kweli kweli. Anasema hatukuwapa nafasi ya kuaga.

Huyo rafiki yako nimemwaza. Mahali pasipo na umeme wala mtandao, fundi wa redio anatengeneza redio za nani? Nakutania. Lakini nijibu.

Dada


15 Mei

Dada yangu mshuku watu,

Redio za betri, Dada. Kila nyumba inayo moja na kila moja ni mbovu. Umeridhika? Mama mwambie nimekubali kosa, magoti yake ni mazima, ngazi ndizo mbovu. Kuhusu aliyepita akaondoka bila kukaa, sina neno.

Sasa kaa vizuri, nina kichekesho. Mvua zilikuwa hazikatiki, sare zangu zote mbili zikawa tope tupu. Siku jua lilipotoka nikazifua, nikazitundika, nikavaa shati langu la maua na suruali ya nyumbani, nikashuka kijitoni kuchota maji. Nimeinama na ndoo, nikasikia kitu kinapumua nyuma ya sikio langu. Nikageuka polepole. Nani kasimama? Mama Mkwe, na nyuma yake Pembe Moja na mmoja wa wale wadogo. Akanusa shingo yangu. Akanusa mfuko wa shati, nilikuwa na kipande cha mkate. Akautoa mkate mfukoni kwa ulimi wake mrefu kama mtu anayechukua haki yake, akatafuna huku ananitazama.

Kumbe ni wazuri namna ile. Nimewasikiliza kwenye antena wiki zote hizi, sikujua rangi yao ni kama udongo uliolowa.

Nikakimbia kambini kumwita mwenzangu aje aone. Yeye alikuwa na sare yake, na mimi nikavaa yangu mbichi hivyo hivyo inadondoka maji, maana Sajini hataki mlinzi azurure na shati. Tulipofika kijitoni walikuwa bado pale. Walitutazama kufumba na kufumbua, wakatimka kama tumewawashia moto. Mwenzangu akasema nimeota.

Sajini sikumwambia. Ripoti yake imepigiwa makofi, mimi ni nani niitie maji? Lakini jioni kibandani kwa Fundi niliwasimulia waliokuwepo, wakacheka mpaka machozi. Fundi alinirudisha nyuma nisimulie tena ile ya mfukoni. Aliipenda kuliko wote.

Kitinda


6 Juni

Kitinda,

Mama mzima, binti mzima. Salamu nyingine utazipata siku nyingine.

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaketi pale pale kizingitini. Wewe umecheka. Mimi sikucheka.

Sikuwafundisha kuogopa watu. Niliwafundisha kuogopa nguo. Ni sheria yetu ya usafi kwamba hakuna anayeingia zizini bila ovaroli ya kijani na buti zilizochovywa dawa. Nililipiga debe nikiwa na kijani, nikawamwagia maji nikiwa na kijani. Ovaroli zetu na sare zenu zinatoka stoo moja, kitambaa kimoja, sabuni moja. Kila baya walilolipata maishani liliwajia hivyo. Na kila Jumapili watu wa mashati na magauni waliwajia na karoti, na mimi nilisimama hapo hapo nikiwaangalia, sikuona kitu. Miezi yote ile, Kitinda. Nilikuwa nabomoa kwa mkono huu na Jumapili inajenga kwa mkono ule.

Basi huko msituni wanaokimbiwa ni ninyi walinzi tu. Na jangili havai sare.

Usimsimulie mtu mwingine. Nani alikuwepo kibandani siku ile? Nijibu hilo kwanza kabla ya lingine lolote.

Daktari sijamwambia. Usiniulize kwa nini.

Dada


28 Juni

Dada,

Ni matumaini yangu Mama anaendelea vizuri na kwamba jogoo hajahamia chumbani. Huku mvua zimerudi kwa fujo. Paa la kambi linavuja juu ya kitanda cha Sajini, na amehamishia kitanda chini ya picha ya ripoti yake, ile iliyotoka gazetini, ili angalau ailinde. Tumekula maharage mpaka tumechukiana. Binti yangu mwambie nimemwona kinyonga aliyelala mdomo wazi kama babu yake marehemu.

Barua yako nimeielewa. Nimeielewa vizuri.

Wiki iliyopita mlio wa Mwenyekiti ulitulia mahali pamoja. Nilidhani amelala. Ukatulia siku ya pili. Tulifuata antena mpaka kwenye maporomoko, tukaikuta kola ndani ya maji, imekatwa kwa kisu, mkato mmoja safi. Mnyama hayupo. Hapakuwa na mtego, wala mbwa, wala majani yaliyovurugwa. Sajini ameliangalia lile eneo muda mrefu, akasema haelewi, maana mnyama mwoga namna ile hakamatwi bila purukushani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Niliona karoti ziko kwenye tope, vipande viwili, vimekanyagwa. Huku hakuna anayelima karoti. Nikavisukumia ndani ya maji kwa buti. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Juzi kola ya Pembe Moja nayo imenyamaza kabisa.

Drafti sichezi tena. Vibanda viko wazi vyote isipokuwa kimoja.

Umeniuliza nani alikuwepo. Walikuwepo watu.

Kitinda


17 Julai

Kitinda, ndugu yangu,

Mama anakusalimu. Binti yako amekuchorea msitu, miti yote ina macho, nitautuma siku nyingine kwa sababu bado anaongeza. Nimewaambia una kazi nyingi ndiyo maana barua yako ilikuwa fupi. Mama alinitazama tu. Unamjua, haulizi akishajua.

Nimemwambia Daktari. Niliposoma habari za Mwenyekiti nilikwenda ofisini kwake na barua mkononi, nikaikunja mlangoni nikaitia kifuani, nikaingia bila hiyo. Nikamweleza habari za ovaroli na karoti tangu mwanzo. Hakunifokea. Heri angenifokea. Aliinamisha kichwa akasema, "Sheria ya ovaroli niliiandika mimi. Na wageni niliwaruhusu mimi." Kisha akauliza swali linalofanana na lile nililokuuliza wewe. Majangili wamejuaje? Nani aliyewaambia?

Nikasema sijui.

Nilidhani nakuokoa, Kitinda. Ningemwambia tu kwamba mdogo wangu alisimulia kichekesho mbele ya watu wabaya, angekasirika, ungehamishwa, yakaisha. Lakini nimesema sijui, na Daktari ni mtu mwenye akili, akili yake ikamalizia mwenyewe. Anasema siri kama hii anaweza kuiuza mlinzi tu. Kwamba pale kambini kuna msaliti. Kwa hiyo ameomba kikosi kutoka makao makuu, watu msiowajua na wasiowajua ninyi. Wataingia kwa upande wa pili wa mlima. Sajini hajaambiwa. Hakuna aliyeambiwa kambini.

Nimewaona leo asubuhi. Walipita hapa kituoni waonyeshwe picha za Wekundu na mlio wa kola. Ni watu sita, hawacheki. Nilipeleka chai, na nilikuwa bado nagawa vikombe mkuu wao aliposema amri yao. Mtu yeyote asiye na sare atakayeonekana karibu na swala ni jangili, na jangili hapigiwi kelele, kwa sababu kelele ndiyo inayompa nafasi ya kukimbia. Mmoja akauliza kama watoe onyo kwanza kabla ya kufyatua risasi. Akajibiwa hapana. Kikombe kikaniponyoka, nikaomba radhi nikaokota vigae.

Nimekatazwa kusema neno. Naandika hili kwenye mkono wa kiti cha dereva wa lori, injini inanguruma, anasema nifanye haraka. Amekula kiapo kwamba atakukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Usitoke kambini bila sare. Hata kama imelowa, hata kama inanuka, hata kuchota maji. Uwe nayo mpaka nikuandikie tena. Kesho narudi kwa Daktari na barua zako zote, nimwambie ni wewe na ni mimi. Ningefanya leo, ameondoka na gari la kikosi kuwasindikiza. Mdomo wako uliponza kichwa, Kitinda, lakini wangu ndio uliomaliza kazi.

Jibu haraka. Niandikie hata neno moja.

Dada yako


21 Julai

Dada mpenzi,

Mnaendeleaje? Lori la mahitaji halijafika, daraja limezama, tunasikia limekwama ng'ambo na litakaa huko mpaka maji yapungue. Barua hii namkabidhi mpima ardhi mmoja anayevuka mlima kwa miguu kwenda barabara kubwa. Kama kuna barua yako ndani ya lori, itabidi iningoje. Mama mwambie nakula vizuri. Ni uongo, lakini mwambie.

Mwezi wa sita uliniuliza jambo nikakujibu kijinga. Jibu ulikuwa nalo tangu barua yangu ya Mei. Fundi alikuwepo, na ndiye aliyenirudisha nyuma nisimulie mara ya pili, na mimi nikamsimulia kwa mbwembwe, nikamwonyesha hata jinsi ulimi wake ulivyoingia mfukoni. Amehama usiku mmoja na redio za watu. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilijua tayari umeshajua.

Sasa sikiliza habari nzuri, maana ipo. Nilipomaliza kujilaumu nilijiuliza, Dada angefanya nini? Nikachukua debe. Wiki mbili sasa, kila alfajiri kabla Sajini hajaamka, navaa mashati yangu ya nyumbani, kila siku lingine, nafuata antena mpaka walipo. Wananijia, masikini, masikio mbele. Nikishawaona karibu kabisa nalipiga debe kama kichaa, nawatupia udongo, napiga mayowe ya kuchoma koo. Siku ya kwanza niliporudi nilijifungia chooni. Nikakukumbuka wewe na ile stoo yako, nikajua nilikuwa nakucheka bila kujua ninachokicheka.

Lakini imeshika. Wale wanne wadogo sasa wakisikia nyayo tu wanatoweka, niwe na shati, niwe na sare, niwe na chochote. Juzi mchota asali mmoja kutoka vibandani alipita karibu nao, akaniambia hakuona hata mkia. Nilitaka kumkumbatia. Watano wamebaki kati ya saba, na wanne kati ya hao watano hakuna mtu atakayewagusa tena.

Aliyebaki ni Mama Mkwe. Huyu amenishinda. Jana bonge lilimpata shingoni, nililiona vumbi. Akarudi nyuma kidogo, akatikisa masikio, akanijia tena na kunusa mfuko. Nadhani mimi ndiye tatizo. Nikimtupia, mkono unalegea mwishoni, na yeye anajua. Amenyonyeshwa na wewe, anaijua mikono ya ukoo wetu.

Na muda sina. Jana nimeona nyayo za buti kwenye kijito cha juu, buti mpya, watu kama watano au sita, wametokea upande wa pili wa mlima. Wanatembea kwa mpangilio, hawakuacha jivu wala kitu. Nimemwambia Sajini. Akasema si watu wetu, angeambiwa, na kwamba hakuna kutoka kambini mpaka lori lilete watu na mafuta. Yuko sahihi kwa upande wake. Lakini hao majangili wamejipanga safari hii, Dada, na nyayo zao zinakwenda moja kwa moja alipo Mama Mkwe, kama kwamba nao wanausikia mlio wake. Wakimfikia kabla yangu atawafuata mwenyewe mpaka kwenye kisu.

Kwa hiyo kesho naingia mapema kuliko siku zote. Sare naiacha, maana nikiwa nayo atanikimbia kabla sijamfunza lolote. Bunduki siichukui, Sajini ataikosa ukutani. Nitakaa kimya kichakani mpaka asogee, na safari hii sitalegeza mkono. Nitampiga mpaka anichukie. Halafu naomba likizo, nije nyumbani tuyaongee yale yasiyoandikika, yote.

Mpima ardhi ameshabeba begi, ananisubiri. Mkae salama. Na mkiona kimya kirefu msihangaike, mjue ni daraja.

Kitinda wenu